Bomba Nililolisifu Mimi

Mhariri wetu ametuomba sisi wa Kidato cha Tatu tuandike kila mmoja habari ya jambo alilojifunza katika likizo ya Juni. Najua wenzangu wengi wataandika habari za safari, za arusi na za mavuno. Mimi nitaandika habari ya bomba. Bomba lenyewe si kubwa: urefu wake haupiti mkono wangu kutoka kiwiko hata ncha za vidole, na unene wake ni kama penseli. Hata hivyo lilinifundisha fizikia ambayo nilidhani ninaijua, tena lilinifundisha aibu.

Mjomba wangu ana gereji mjini Tanga. Kazi yake kubwa ni malori na magari ya abiria, lakini yuko mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyemfundisha mama yangu kusoma, ambaye humletea gari la namna ya pekee. Ni gari dogo la Kiingereza la watu wawili, lisilo na paa gumu, liitwalo Triumph Spitfire. Magari hayo yalianza kuuzwa mwaka 1962, yakatengenezwa katika mji wa Coventry hata mwaka 1980. Na umbo lake lilichorwa na Mwitalia Giovanni Michelotti. Hili la Mzee ni la namna ya tatu, lenye injini ya sentimita za ujazo 1,296, silinda nne na valvu nane. Mzee alilinunua likiwa bovu, na kwa miaka mingi amekuwa akilifufua kwa akiba yake, leo taa, kesho breki. Hana anasa nyingine duniani ila hiyo.

Juni hiyo alilileta kwa sababu injini ilikuwa na kelele juu, kama cherehani kuukuu. Mjomba alitega sikio, akasema, "Ni roka hizi. Ama zimelika, ama hazipati oili ya kutosha. Tutafungua tuone."

Naomba nieleze kidogo kwa ajili ya wasomaji wasiojua. Roka ni vijikono vya chuma vilivyo juu ya injini, vinavyobonyeza valvu zifunguke. Vyote huchezea juu ya chuma kimoja chenye uwazi ndani, na oili hupita katika uwazi huo ikatokea kwenye vitundu vidogo chini ya kila roka. Katika injini hii oili ya roka ndiyo ya mwisho kuhudumiwa. Pampu huinyonya kutoka katika sampu, ikaipeleka kwenye chujio, kisha kwenye njia kuu iliyo ndani ya bloku. Hapo huenda kwanza kwenye beringi kuu tatu zinazoshika kranki, na kupitia matundu ya ndani ya kranki huenda kwenye beringi za fimbo za pistoni, ambazo mafundi huziita bigi-endi. Kiasi kidogo tu, kilichopimwa, hupanda nyuma ya injini kwenda kwenye roka.

Jioni ile nilichukua simu ya binamu yangu nikatafuta habari za gari hilo. Nikakuta tangazo la duka moja la ng'ambo. Lilikuwa likiuza bomba la nje: upande mmoja lafungwa kwenye njia kuu ya oili, upande wa pili nyuma ya silinda hedi, ili roka zipate oili tele, moja kwa moja, bila kungoja zamu yake. Picha ilikuwa nzuri, bomba limesukwa kwa nyuzi za chuma king'aacho. Tangazo lilisema kwamba kila injini ya namna hiyo yafaa ipewe.

Asubuhi nilimwonyesha Mjomba. Akatazama kwa muda mrefu, akauliza, "Oili hiyo inayozidi kwenda juu, inatoka wapi?"

Nikajibu, "Katika pampu, Mjomba."

"Na pampu ni ile ile?"

"Ni ile ile."

"Basi wapi itapungua?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilimwambia kwamba oili haipungui, maana inazunguka tu na kurudi katika sampu. Na kwamba waliobuni kitu hicho ni wataalamu. Nikatia maneno ya darasani, shinikizo, eneo na mnato, nikayapanga vizuri. Mjomba hakusoma zaidi ya darasa la saba. Alinyamaza, akaendelea na kazi yake. Leo naona kwamba maswali yake matatu yalikuwa yamemaliza fizikia yote ya jambo lile, nami nilikuwa nimeyaruka.

Mzee alipokuja, nilimweleza mimi mwenyewe. Aliniuliza, "Unayo hakika, mjukuu wangu?" Nikasema ninayo. Alifurahi kuona mtoto wa mwanafunzi wake anajua mambo mengi hivyo, akatoa fedha. Pamoja na gharama za kulisafirisha, bomba lile lilipita shilingi laki mbili. Mjomba alikubali kwa sharti moja: kwa kuwa gari lile kiwandani liliwekewa taa tu ya kuonya shinikizo la oili likishuka mno, yeye atafunga geji ya kusoma shinikizo, na kila kipimo kitaandikwa.

Geji ikafungwa chini ya dashibodi, upande wa abiria. Kabla ya bomba, injini ikiwa moto, tulisoma paundi 48 kwa inchi ya mraba injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, na paundi 20 gari limesimama na injini inazunguka polepole. Desturi ya injini hii ni kati ya paundi 40 na 60 kwa mizunguko hiyo 2,000, basi hapakuwa na neno. Bomba lilipofika na kufungwa, kelele ya juu ilipungua mara moja. Watu gerejini walinipigia makofi. Geji ilisoma 43, na 15. "Imeshuka," alisema Mjomba. Nikamjibu, "Kidogo tu." Akaandika katika daftari lake bila kusema zaidi.

Siku ya Jumamosi Mzee alinialika nimsindikize Lushoto kumtazama dada yake. Kutoka Mombo barabara hupanda milima ya Usambara kwa kona nyingi, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili. Injini ilifanya kazi kubwa, nasi tukapanda bila shida. Lakini mimi nilikuwa nimekaa mbele ya geji, na niliona sindano. Kadiri injini ilivyopata moto ndivyo ilivyozidi kulala. Tulipopunguza mwendo kuingia mjini Lushoto, ilikuwa paundi 30 kwa mizunguko 2,000. Tuliposimama, injini ikizunguka polepole, ilikuwa 8.

Mzee macho yake si mazuri kwa vitu vya karibu. Akaniuliza, "Geji yasemaje, mjukuu wangu?"

Nikasema, "Iko sawa, Babu."

Mpaka leo sijui maneno hayo yalivyonitoka. Sikuwa nimekusudia kusema uongo. Nilikuwa nimelisifu bomba lile mbele ya watu wote, na ulimi wangu ulilitetea kabla sijafikiri. Wakati wa kushuka niliona jambo jingine. Kila mara Mzee alipoachia mafuta kwenye mteremko na kukanyaga tena, moshi wa buluu ulitoka nyuma yetu. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua ndani ya silinda. Nikageuza uso wangu kutazama mashamba.

Usiku ule sikulala vizuri. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na hapa maradhi yalikuwa ya gari la mtu mwingine, aliyelinunua kwa akiba ya uzeeni. Kulipopambazuka nilikwenda kwa Mjomba kabla hajanywa chai, nikamweleza yote: paundi 30, paundi 8, moshi, na jibu nililompa Mzee. Hakunipiga wala kunitukana. Alisema, "Lete daftari, uyaandike hayo kwa mkono wako mahali pake." Nikaandika. Naona ilikuwa adhabu nzito kuliko fimbo.

Kisha akanifundisha namna ya kuchunguza. Hakulivamia gari na kufungua kila kitu. Alibadili jambo moja tu: aliliziba lile bomba, oili ikiwa ile ile, akaendesha gari mpaka likapata moto sana, nasi tukasoma tena. Tulipata 42 na 15. Kwa hiyo kushuka kule kwingi kulitokana na bomba. Lakini hata bila bomba injini haikurudi kwenye 48 na 20 za mwanzo. "Bomba lina kesi yake," alisema Mjomba, "na injini ina kesi yake. Tusizichanganye."

Alifungua juu kwanza. Tope la oili kuukuu lilikuwa limeziba nusu ya vitundu vya kile chuma cha roka, na chuma chenyewe kilikuwa kimelika upande wa chini hata ukucha ulikwama. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kelele. Bomba halikutengeneza chuma kilicholika wala halikuondoa tope. Lilimwaga tu oili nyingi iliyopunguza sauti ya mgongano, kama mtu aliyeziba masikio asisikie mtoto akilia. Oili ile iliyozidi ilishuka kandokando ya valvu, na kwenye mteremko, pistoni zinapovuta hewa kwa nguvu huku mlango wa kabureta umefungwa, ikanyonywa ndani na kuungua. Huo ndio ule moshi.

Kisha akafungua chini. Beringi za bigi-endi si za gololi. Ni vipande viwili vya nusu duara, mgongo wa chuma, juu yake tabaka la madini ya shaba na risasi, na juu kabisa tabaka jembamba sana lililo laini. Katika mbili kati ya nne rangi ya shaba ilikuwa imeanza kuonekana, yaani lile tabaka la juu lilikuwa limekwisha. Tukapima nafasi kati ya beringi na kranki. Yafaa iwe kama milimita 0.05, karibu nusu ya unene wa karatasi. Moja ilikuwa na milimita 0.1.

Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa fizikia, nikamweleza. Yeye ndiye aliyenipa habari ya Beauchamp Tower, mhandisi Mwingereza. Mwaka 1883 Tower alikuwa akichunguza beringi za namna ya zile za ekseli za magari ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi, mahali penye mzigo, ili atie oili kwa hapo. Ajabu ni kwamba ekseli ilipozunguka, oili haikuingia, bali ilitoka. Akaliziba tundu kwa kizibo cha mti, nacho kikasukumwa nje. Alipofunga geji, akaona kwamba shinikizo la oili mle ndani lapita wastani wa mzigo wenyewe. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, Osborne Reynolds wa Manchester akaeleza sababu yake kwa hesabu. Chuma kinapozunguka huiburuta oili na kuiingiza mahali panapozidi kuwa pembamba, kama kabari. Na kabari hiyo ya oili ndiyo inayoinua mzigo, chuma kisiguse chuma.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, si pampu inayobeba kranki. Kranki hujibeba yenyewe kwa kuzunguka kwake. Kazi ya pampu ni kuleta oili nyingine mahali pa ile inayovuja kandokando, na kuondoa joto. Lakini kazi hiyo haina badala. Oili isipofika kwa wakati, kabari hukatika, na chuma hukutana na chuma.

Sasa tazama hesabu hii, ambayo yafaa wenzangu wa hisabati waipende. Oili inayovuja katika beringi hufuata kipeo cha tatu cha ile nafasi. Nafasi ikiwa maradufu, oili inayovuja haiwi mara mbili, bali 2 × 2 × 2, yaani mara 8. Ndiyo maana injini iliyolika haina oili ya kugawa. Kuiongezea bomba ni kama mambo ya tangi letu la maji hapa shuleni. Sote twajua kwamba mabomba ya jikoni yakifunguliwa yote asubuhi, bweni la juu hawapati maji ya kunawa. Tangi halikupungua, wala mtambo haukuharibika. Njia tu zimezidi. Nami niliyekaa bweni la juu miaka miwili nilishindwa kuliona jambo hilo katika injini!

Lakini haki haina budi itendeke hata kwa bomba. Wanaolitetea wana hoja, nayo ni ya kweli. Injini inapozunguka kwa kasi, pampu nzima hutoa oili kuliko inayohitajiwa, na ile iliyozidi hufungua valvu ya usalama ikarudi katika sampu. Wakati huo bomba linachukua ziada tu. Tena mtu akitia ndani ya bomba kizuizi chenye tundu dogo sana, hasara hupungua. Tabu ni kwamba gari halikimbii siku zote. Husimama, hupata moto, huzunguka polepole. Na hapo hakuna ziada. Roka zina mzigo mdogo na zatosheka na oili kidogo. Beringi za kranki zina mzigo wa mlipuko wa kila silinda. Kumpa aliyeshiba kwa kumnyang'anya mwenye kazi ngumu si ukarimu.

Nilimwuliza Mjomba kama bomba ndilo lililoharibu zile beringi. Nilitaka aseme ndiyo, ili nijue kosa langu lilivyo, au aseme siyo, ili nipumue. Alikataa yote mawili. "Zilikuwa zimeanza kulika kabla yako," alisema. "Safari moja haifanyi yote haya. Lakini tungeenda hivyo mwezi mzima, leo tungekuwa tunanunua kranki, wala si beringi."

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia Mzee. Mjomba hakunisemea. Nilimwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, hata lile neno la Lushoto. Alikaa kimya, kisha akasema, "Nimefundisha miaka thelathini na minne. Mwanafunzi asiyejua hakunisumbua hata siku moja. Aliyenisumbua ni yule aliyenikunjia daftari nisione hesabu yake." Hakusema zaidi, wala sikuhitaji zaidi.

Beringi mpya zilipatikana za saizi ya kawaida, kwa kuwa kranki haikuwa na mikwaruzo. Tukatia chuma kipya cha roka, tukasafisha njia zote za oili, tukamwaga ile kuukuu na kutia mpya na chujio jipya. Mimi nilifanya kazi gerejini siku zote zilizobaki bila ujira, ili fedha ya ufundi impunguzie Mzee. Bomba hatukulirudisha. Siku ya mwisho geji ilisoma 55, na 25, na juu kulikuwa kimya. Kimya cha kweli safari hii.

Bomba lile sasa limetundikwa ukutani katika gereji ya Mjomba. Chini yake kuna karatasi yenye yale maswali yake matatu, nayo nimeyanakili ndani ya jalada la daftari langu la fizikia: Inatoka wapi? Chombo ni kile kile? Wapi itapungua? Nimeyajaribu kwa mambo mengi tangu hapo, hata kwa ratiba yangu ya kujisomea usiku, nami nimeona kwamba usingizi nao una pampu moja tu.

Wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkiona dawa inayong'aa, iulizeni maswali hayo kabla hamjaisifu. Na kama mmekwisha kuisifu, kisha mkaona sindano inashuka, semeni palepale, garini, kabla safari haijaisha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu